freeCodeCamp, The Odin Project au CS50? Chagua kwa kuangalia utakapokwama

Anayetaka kujifunza kuandika programu bila kulipa ada hakosi pa kuanzia. Kinachomchanganya ni wingi. Akiuliza wenzake, majina matatu yatajirudia: freeCodeCamp, The Odin Project, na CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard. Zote ni za bure na zote zimejengwa na watu makini, hivyo kubishana ipi ni bora hakumfikishi mbali. Lenye manufaa zaidi ni kujua kwamba kila moja ina mahali pake ambapo wanafunzi huachia njiani, na mahali hapo hapafanani. Mmoja hushindwa na ukurasa mtupu, mwingine hushindwa kusakinisha mfumo endeshi wa Linux, mwingine hushindwa na vielekezi vya lugha ya C, yaani vigeu vinavyobeba anwani za kumbukumbu. Chagua ile ambayo kikwazo chake unaweza kukivuka kwa kompyuta uliyonayo, bando unalolimudu na Kiingereza unachokijua.

Kila moja inakutaka ufanye nini

freeCodeCamp ni shirika la Marekani lisilo la kibiashara, lililoanzishwa na Quincy Larson mwaka 2014. Somo lake limekatwa vipande vidogo sana. Skrini inagawanyika: huku maelekezo, katikati kihariri, kule ukurasa unaoujenga. Unaongeza mstari mmoja au miwili, unabonyeza kitufe cha kukagua, na mfumo unakuambia papo hapo kama umepatia. Husakinishi chochote, kivinjari kinatosha. Jambo moja tu la kuzingatia mwanzoni: fungua akaunti na uingie kabla ya kuanza, maana asiyeingia hatunziwi maendeleo yake.

The Odin Project haikupi kihariri wala kikaguzi. Ni kama ramani ya safari. Kila somo lina maelezo yake, halafu linakutuma ukasome nyaraka na makala za watu wengine, kisha linakudai mradi. Sehemu ya kwanza inaitwa Foundations, na ndani yake utajenga ukurasa wa mapishi, ukurasa wa mbele wa tovuti, mchezo wa mkasi, karatasi na jiwe, ubao wa kuchorea na kikokotoo. Baada ya hapo unachagua njia moja kati ya mbili: JavaScript mwanzo hadi mwisho, au Ruby on Rails. Yote unayaandika kwenye kompyuta yako mwenyewe, kwa zana zilezile anazotumia mtu aliyeko kazini.

CS50 ni kozi ya chuo hasa. Profesa David J. Malan anahadhiri mbele ya wanafunzi ukumbini, nawe unapewa mihadhara hiyo, maandishi yake, na mazoezi ya kila wiki. Wiki 0 ni Scratch, lugha ya kupanga vipande vya picha badala ya kuandika msimbo. Wiki 1 hadi 5 ni lugha ya C, pamoja na algoriti, kumbukumbu ya kompyuta na miundo ya data. Wiki ya 6 ni Python, ya 7 ni SQL (lugha ya hifadhidata), ya 8 ni HTML, CSS na JavaScript, ya 9 ni Flask (zana ya kujenga tovuti kwa Python), na mwisho kabisa unaleta mradi wako. Haikufundishi kutengeneza tovuti ili upate kibarua mwezi ujao. Inakufundisha kompyuta inafikiri vipi, na elimu hiyo haichakai lugha zinapobadilika.

Bando na mashine

Hapa tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Masomo mengi ya freeCodeCamp ni maandishi, kwa hiyo hayali bando, na hata kompyuta ya RAM ya GB 4 inayaendesha bila taabu. Lakini lazima uwe hewani muda wote.

CS50 ni video. Mihadhara yake mingi inakaribia au kupita saa mbili, na yote kwa pamoja ni kama saa 22 hadi 25. Ukiitazama kwa ubora wa 360p, kadiria MB 250 hadi 300 kwa saa, yaani jumla ya GB 6 au 7. Ukiacha YouTube ijichagulie yenyewe ikapanda hadi 720p, utatumia zaidi ya mara tatu ya hapo, na hutaona chochote cha ziada isipokuwa herufi za msimbo kuwa kali zaidi. Mwenye bando dogo anaweza kusoma maandishi ya mhadhara kwenye tovuti ya kozi, kisha akafungua video kwa sehemu zile tu zilizomtatiza. Maandishi hayo yameandikwa kwa ukamilifu, na wengi hawajui hata kama yapo.

Mazoezi ya CS50 hufanyika kwenye cs50.dev, kihariri kinachokaa kwenye seva ya mbali. Mtandao ukiyumba, herufi unazoandika huchelewa kutokea, na hilo linakera kuliko video kukatika. Dawa yake ni kusakinisha gcc, kikusanyaji kinachogeuza msimbo wa C kuwa programu inayoendeshwa, kwenye Linux yako, kujenga maktaba ya cs50 kutoka kwenye msimbo wake kwa amri ya sudo make install, na kufanya kazi nje ya mtandao. Kosa la kawaida hapo ni ujumbe «undefined reference to get_string». Hukukosea kuandika programu. Umesahau kuongeza -lcs50 mwishoni mwa amri ya kukusanya. Mtandao utauhitaji pale tu unapokagua kwa check50 na kuwasilisha kwa submit50.

The Odin Project hula bando mara moja, mwanzoni. Faili la Xubuntu, aina nyepesi ya Linux utakayoisakinisha, ni kama GB 3 hadi 4. Lipakue usiku kwa bando la usiku, au kwenye Wi-Fi ya chuo au maktaba. Baada ya hapo kilichobaki ni maandishi matupu na video chache.

Pa kukwama kwenye freeCodeCamp: ukurasa mtupu

Mtu anamaliza hatua sabini za somo moja, alama za kijani zimejaa, kisha anafungua faili tupu na hajui herufi ya kwanza ni ipi. Hii si dalili ya ujinga. Ni matokeo ya mfumo wenyewe: kila hatua ilikuwa imeshaamua nini kifuatie, na wewe ulikuwa unajaza pengo. Uamuzi hukuufanyia mazoezi.

Tiba ni ya mkono. Ukimaliza kila somo la kujenga kitu, funga ukurasa, tengeneza folda kwenye kompyuta yako, weka faili mbili, index.html na styles.css, kisha jenga kitu hichohicho upya bila kutazama. Ukikwama kwa dakika 15, chungulia sehemu ile moja tu, funga tena, endelea. Mara ya kwanza itakuchukua muda mrefu kuliko somo lenyewe, na ndivyo inavyotakiwa.

Ukihama kwenda kwenye faili zako, makosa matatu yatakukuta karibu kwa hakika. La kwanza, rangi na mpangilio havitokei: mara nyingi Notepad imehifadhi faili kama styles.css.txt, na Windows imeficha mkia wa jina. Washa chaguo la kuonyesha viambishi vya majina ya faili, utaiona. La pili, picha inaonekana kwako lakini inapotea ukishapandisha kazi mtandaoni. Windows haitofautishi Picha.jpg na picha.jpg, seva ya Linux inatofautisha. Andika majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi. La tatu, ukurasa unaonekana mdogo mno kwenye simu. Hapo umesahau lebo ya meta ya viewport kwenye kichwa cha HTML.

Pa kukwama kwenye The Odin Project: wiki ya kwanza

Hapa mtu huachia kabla hajaandika hata mstari mmoja. Mtaala hauungi mkono Windows tupu. Unataka Linux, macOS, ChromeOS, au Linux inayokaa ndani ya Windows kwa njia ya WSL2. Msimamo huo wanaushikilia kwa sababu nzuri, kwamba seva nyingi duniani ni Linux, lakini mwanafunzi mwenye kompyuta ya mtumba hupata shida nao.

Njia inayopendekezwa kwa wengi ni VirtualBox, programu inayoendesha mfumo mwingine ndani ya Windows, yenye Xubuntu ndani yake. Ipe RAM isiyopungua GB 2 na diski ya GB 30. Kama VirtualBox inakuonyesha machaguo ya biti 32 tu, au inalalamika kuhusu VT-x, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uwashe Intel Virtualization Technology. Kwenye kompyuta za AMD chaguo hilo huitwa SVM. Sasa, kama kompyuta yako ina RAM ya GB 4 kwa jumla, usijaribu njia hii. Windows yenyewe huchukua karibu nusu ya kumbukumbu hiyo ikiwa imekaa tu, na ukigawa iliyobaki, pande zote mbili zitaganda. Hapo ni heri usakinishe Xubuntu kando ya Windows, au uifute Windows kabisa kama huihitaji. Kabla ya hayo, nakili faili zako zote kwenye diski ya nje. Kugawa diski ni kazi ya dakika ishirini, ila kosa moja katika kuchagua sehemu ya diski linafuta kila kitu.

Mwenye RAM ya GB 8 na Windows 10 ya toleo la 2004 au jipya zaidi, au Windows 11, atapata wepesi kwa WSL2: fungua PowerShell kama msimamizi, andika wsl --install, washa upya. Hifadhi miradi yako ndani ya /home na si ndani ya /mnt/c, kwa kuwa kusoma faili kuvuka mpaka wa mifumo miwili kunakuwa kuzito mno.

Halafu inakuja Git, zana ya kutunza historia ya msimbo wako. Ujumbe «Permission denied (publickey)» umewakatisha tamaa wengi. Maana yake GitHub, tovuti unakohifadhi msimbo huo, haiujui ufunguo wako. Tengeneza ufunguo kwa ssh-keygen -t ed25519, fungua faili lenye mkia wa .pub, nakili mstari wote, ubandike kwenye mipangilio ya SSH ya akaunti yako, kisha jaribu kwa ssh -T git@github.com. Faili lisilo na .pub ni la siri. Usilibandike popote wala usimtumie mtu.

Aliyevuka wiki hii ameshika ujuzi ambao wa freeCodeCamp anaweza kukaa miezi bila kuugusa. Ndiyo maana ninaipa Odin uzito mkubwa kwa mtu anayelenga ajira ya kutengeneza tovuti.

Pa kukwama kwenye CS50: wiki ya 3 hadi ya 5

Mwanzo wa CS50 unavutia, karibu kila mtu anaufurahia. Ugumu unapanda ghafla. Wiki ya 3 ina zoezi la Tideman, ambalo limewatoa jasho hata wenye uzoefu. Si la lazima: unachagua kati yake na Runoff. Chukua Runoff, songa mbele, rudi baadaye ukitaka.

Wiki ya 4 ndiyo mlima wenyewe. Katika C, neno si neno. Ni anwani ya mahali herufi ya kwanza ilipo kwenye kumbukumbu. Usipolishika hilo, kila kinachofuata kitakuwa giza. Utalinganisha maneno mawili kwa alama ya == na jibu litakuwa si sawa hata kama yameandikwa vilevile, kwa sababu umelinganisha anwani; inatakiwa strcmp. Utaomba nafasi kwa malloc(strlen(s)) na programu itaharibika bila mpangilio, leo inakubali, kesho inakataa, kwa sababu umesahau baiti moja ya kumalizia neno. Inatakiwa strlen(s) + 1. Utakutana na «segmentation fault», yaani umegusa kumbukumbu isiyo yako. Usikisie. Chora visanduku kwenye karatasi, kila kisanduku na anwani yake, fuata mishale kwa penseli, kisha endesha valgrind, zana ya kukagua matumizi ya kumbukumbu, ikuonyeshe mstari uliokosea. Karatasi hiyo itakusaidia tena wiki ya 5, kwenye Speller, unapojenga jedwali la kuhifadhi kamusi nzima.

CS50 ina bata wake wa akili bandia anayekuongoza bila kukupa jibu, na kanuni za kozi zinakataza kutumia ChatGPT na wenzake kuandika mazoezi. Ninakubaliana nao kabisa. Zoezi la wiki ya 4 ukipewa likiwa limekwisha ni sawa na kupewa shahada ya kuogelea ukiwa umesimama ufukweni.

Kama C imekushinda kweli, usiache kujifunza. Harvard hiyohiyo ina CS50P, ya Python tupu. Na Charles Severance wa Chuo Kikuu cha Michigan anatoa PY4E, taratibu kuliko zote, inayomfaa hata mtu ambaye hisabati ilimpiga chenga.

Vyeti

freeCodeCamp hutoa cheti bure. Masharti yake yamebadilika kadiri mtaala unavyobadilishwa, hivyo yasome kwenye ukurasa wa cheti husika kabla ya kuanza. CS50 hutoa cheti cha bure kupitia tovuti yake yenyewe. Kile cha edX kilichothibitishwa kwa kitambulisho ndicho cha kulipia, na watu wengi hulipa wakidhani hakuna kingine. Odin haitoi cheti chochote. Inakuachia miradi kwenye GitHub, na mwajiri anayejua kazi ataifungua hiyo kwanza.

Lugha, na wenye simu tu

freeCodeCamp ina toleo la Kiswahili, ingawa sehemu nyingi bado utazikuta kwa Kiingereza. Linafaa kuvunja woga. CS50 ina manukuu chini ya video. Yasome kwa Kiingereza huku ukipunguza kasi hadi 0.75, kwa maana tafsiri ya mashine huvuruga maneno ya kitaalamu. Odin ndiyo inayodai Kiingereza zaidi, kwa kuwa ni kusoma mfululizo. Usiwashe tafsiri ya kivinjari kwenye kurasa zenye msimbo: wakati mwingine hutafsiri hata maneno ya lugha ya programu, ukanakili kitu kisichokubali.

Mwenye simu janja peke yake aanze na freeCodeCamp au PY4E. Kwa Python, programu ya Android iitwayo Pydroid 3 inatosha. Anayetaka zaidi achukue Termux, dirisha la amri la Linux kwenye Android, kutoka duka la programu la F-Droid, aandike pkg install python git clang, na tayari ana Python, Git na kikusanyaji cha C mfukoni. Waya mdogo wa OTG na kibodi ya kawaida ya USB hubadilisha mambo kuliko programu yoyote utakayopakua. CS50 na Odin kwa simu tupu ni mateso; zisubirishe.

Pa kuuliza ukiwa njiani

Usichanganye mahali pa kujifunzia na mahali pa kuulizia. Kwa HTML, CSS na JavaScript, W3Schools ni nyepesi na ina kitufe cha kujaribu papo hapo. Ni ya kampuni ya Norway, ipo tangu 1998, na haina uhusiano na shirika la W3C linaloweka viwango vya mtandao, ingawa jina linapotosha. MDN ya Mozilla ni nzito zaidi kusoma lakini ina usahihi na jedwali linaloonyesha kipengele fulani kinakubalika kwenye vivinjari gani. Angalia W3Schools ukisahau tahajia, nenda MDN ukitaka kujua kwa nini.

Stack Overflow, iliyoanza 2008, ina majibu mengi ya zamani yaliyo sahihi kwa wakati wake tu. Ukiona print imeandikwa bila mabano, hilo ni jibu la Python 2, ambayo iliachwa kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Tazama tarehe, kisha soma jibu la pili na la tatu.

Umeme na mtandao vikikatika mara kwa mara, fungua DevDocs, tovuti ya nyaraka za lugha nyingi, nenda sehemu ya matumizi ya nje ya mtandao, chagua lugha zako. Nyaraka hukaa ndani ya kivinjari, hivyo ukifuta data ya kivinjari nazo zinakwenda. Kiwix, programu ya kusoma tovuti nje ya mtandao, inabeba zaidi, Wikipedia nzima ukitaka, ila faili linalozidi GB 4 halitaingia kwenye kadi ya kumbukumbu iliyofomatiwa kwa FAT32. Ifomati kwa exFAT.

Anayependa mitandao na ufundi wa kompyuta kuliko programu, hizi tatu si zake. Cisco Networking Academy inampa Packet Tracer bure, ajenge mtandao mzima bila kununua kifaa. Video za Professor Messer zinafuata mtihani wa CompTIA A+ kipengele kwa kipengele. Kumaliza kozi hizo si sawa na kuwa na cheti cha CCNA cha Cisco au A+. Mitihani yake hulipiwa kando, na A+ ina miwili.

Uamuzi

Hujawahi kuandika mstari wa msimbo na una kompyuta dhaifu au simu: freeCodeCamp, kwa muda usiozidi miezi mitatu. Una kompyuta ya RAM ya GB 8, saa mbili kila siku na unataka kazi ya tovuti: Odin. Uko kidato cha juu au mwaka wa kwanza chuoni na unataka msingi utakaokufaa hata ukienda kwenye data au usalama wa mifumo: CS50, ukianza Januari, kwa kuwa mzunguko wake kwa kawaida hufungwa 31 Desemba. Usipomaliza, kazi uliyowasilisha huhamia mwaka unaofuata.

Usifanye mbili kwa pamoja. Ukihama kutoka freeCodeCamp kwenda Odin, unaweza kupitia haraka masomo ya HTML na CSS unayoyajua, lakini usiruke usakinishaji, mstari wa amri wala Git, na fanya kila mradi hata ule unaoonekana mwepesi.